Nyama wa Mwitu Husemezana

Habari hii inaanzia hapa hapa kwetu, Beni.

Mwaka 1900 Mwingereza mmoja, jina lake Harry Johnston, mjumbe mkuu wa serikali yake katika Uganda, alivuka mto Semliki akaingia msitu wa Kongo. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, aliwarudisha kwao Wambuti kadhaa, ambao Mzungu mmoja alikuwa amewateka ili akawaonyeshe watu katika maonyesho makubwa ya Paris. Ya pili, alikuwa akimtafuta nyama mmoja wa mwitu. Stanley, aliyepita msitu ule kabla yake, alikuwa ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1890 kwamba Wambuti wanamjua nyama aliye kama punda, na kwamba mara nyingine humnasa katika mashimo. Punda katikati ya msitu mzito! Johnston alishangaa, akataka kumwona.

Wambuti wakamwambia: yuko, tunamjua, jina lake okapi. Wakamweleza rangi yake, na milia ya miguu yake. Wazungu waliokaa katika ngome ya Beni, ambayo siku zile iliandikwa Mbeni, nao wakamwambia kwamba nyama huyo si hadithi. Basi waongozi wakamchukua Johnston msituni, wakamwonyesha nyayo zilizokuwa mbichi bado. Lakini zilikuwa nyayo za kwato zilizopasuka kati, kama kwato za ng'ombe. Johnston alikuwa amekwisha kuamua moyoni mwake kwamba anatafuta jamaa ya farasi, na farasi ana kwato moja nzima. Hakuwasadiki. Alidhani wanamwonyesha nyayo za nyama mwingine, akaziacha, akapita.

Hakumwona okapi. Alipata vipande viwili tu vya ngozi ambavyo askari walikuwa wamevifanya mikanda. Akavipeleka London, na mtaalamu mmoja huko akamwandika nyama huyo katika ukoo wa farasi. Kisha Karl Eriksson, Mswidi aliyekuwa afisa katika ngome ya Beni, akampelekea Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili ya kichwa. Ndipo ukweli ulipojulikana: kwato zimepasuka, na okapi ni ndugu wa twiga. Mwaka 1901 wataalamu wakalazimika kulibadili jina walilompa.

Tazameni basi. Wambuti walikuwa wamesema kweli tangu siku ya kwanza. Walimwonyesha mgeni nyayo zenyewe, naye hakupungukiwa na macho, alipungukiwa na masikio. Nasi tunataka kueleza leo jinsi watu walivyojifunza polepole kuwasikiliza nyama wa mwitu, pamoja na wale wanaokaa karibu nao, na hasara iliyopatikana kila mara waliposhindwa kusikiliza.

Okapi na barua zake

Okapi hakai katika kundi. Dume ana njia zake, jike ana zake, nao hukutana wakati wa kuzaa tu. Mtu angesema: nyama wa namna hiyo atasemezana na nani? Kumbe anasema kila siku, ila hasemi kwa sauti. Katikati ya kwato zake mna vifuko vidogo vitoavyo ute mweusi, na kila anapokanyaga huacha alama yake. Okapi mwingine akipita nyuma hunusa, akajua ni nani aliyepita na njia ni ya nani. Njia yake ni kama barua iliyoachwa mlangoni.

Mtoto wa okapi naye ana akili yake. Akiisha kuzaliwa, hujificha mahali pamoja katika majani kwa majuma mengi, na mama huenda kula, akarudi kumnyonyesha. Katika muda wa mwezi wa kwanza au zaidi mtoto hatoi choo kabisa, ili chui asisikie harufu yake. Je, mama na mtoto huitana? Naam, huitana. Wataalamu waliochunguza okapi katika bustani za nyama wamegundua kwamba sauti yao nyingine ni nzito mno, yenye mitetemo kama 14 katika sekunde moja. Sikio la mtu huanza kusikia penye mitetemo 20 hivi. Kwa hiyo mtu aweza kusimama karibu nao akaapa kwamba pamekuwa kimya, na kumbe mama anazungumza na mtoto wake.

Tena okapi hajatuacha kabisa. Katika Parki ya Virunga watu walikuwa hawana habari zake za hakika tangu mwaka 1959, hata wengi wakasema amekwisha. Mwaka 2008 vyombo vya kupiga picha vilivyofungwa mitini upande wa Semliki vilileta picha yake. Muda wote ule alikuwa akipita gizani, akiandika barua zake, na watu wakisema hayupo.

Bunduki kwanza, daftari baadaye

Sasa tuondoke msituni, tupande milima ya volkano upande wa kusini wa Kivu yetu ya Kaskazini. Mwaka 1902 Kapteni Robert von Beringe, Mdachi, aliwapiga risasi gorila wawili juu ya mlima Sabinyo, na jina lake likaingia katika jina la kitaalamu la gorila wote wa milima yetu. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya Wazungu ya kumjua gorila: kumwua, kumpima, kumjaza majani makavu, na kumweka katika nyumba ya makumbusho. Vitabu vikamwita jitu katili la msitu.

Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alikuja kwa kazi hiyo hiyo. Akawaua gorila watano kwa ajili ya makumbusho ya New York. Lakini mtu huyu alitazama nyuso za wale aliowaua, na baadaye akaandika kwamba ilimpasa kujitia nguvu sana asijione kuwa mwuaji. Akarudi kwao akiomba gorila walindwe, na Mfalme Albert wa Ubelgiji akakubali. Tarehe 21 Aprili 1925 ikaanzishwa Parki ya Taifa Albert, ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Akeley alirudi mwaka 1926, akaugua, akafa mwezi wa Novemba, akazikwa Kabara, chini ya mlima Mikeno. Katika miaka iliyofuata Parki ilipanuliwa hata ikafika ziwa Edward, Semliki na Ruwenzori. Tangu mwaka 1969 inaitwa Virunga.

Tusifiche neno moja. Mipaka ile iliwekwa na wakubwa wa koloni, na wenyeji waliolima, waliochunga na kuvua humo hawakupewa nafasi ya kusema kama ilivyopasa. Uchungu ule haujakwisha hata leo, wala haukwishi kwa kuupuuza. Serikali ile ilianza kumsikiliza gorila kabla ya kumsikiliza mwenye shamba, na matunda ya kosa hilo tunayala bado.

Mwaka 1959 akaja George Schaller, kijana wa miaka 26. Yeye alikaa Kabara pamoja na mke wake, karibu na kaburi la Akeley, naye hakuja kuua. Kila siku alikwenda polepole, akakaa mahali ambapo gorila wamwone waziwazi, asijifiche kama mwindaji. Siku kwa siku wakamzoea. Akafungua daftari akaandika, hata mwaka 1960. Aliyoyaandika yaliangusha hadithi zote za jitu katili.

Aliona kwamba gorila hukaa kwa jamaa, mara nyingi kama watu kumi hivi, chini ya dume mkubwa mwenye mgongo mweupe kama fedha. Dume huyo akiinuka, wote huinuka, na akilala mchana, wote hupumzika. Kila jioni kila mmoja hujitandikia kitanda cha majani, ila mtoto hulala na mama yake. Wakiwa katika kula hutoa mgumio mzito wa chini, kama mtu anayesafisha koo. Maana yake ni kama kusema: niko hapa, ni salama. Mwenzake hujibu vivyo hivyo. Kelele kubwa ni chache sana kwao.

Na kule kupiga kifua, kunakotisha watu? Schaller alikuta kwamba kuna hatua tisa. Dume huanza kwa kutoa sauti ya hu-hu-hu upesi upesi, huchuma jani akaliweka mdomoni, husimama kwa miguu miwili, hurusha majani hewani, hupiga kifua kwa viganja, huinua mguu mmoja, hukimbia kwa upande, huyapiga majani na miti, na mwisho huipiga ardhi kwa kiganja. Ni tangazo. Anawaambia madume wengine: mimi niko hapa, nguvu zangu ni hizi, kila mtu ashike njia yake. Sauti hiyo husikika mbali kama kilomita moja. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021, uliofanywa juu ya gorila wa upande wa Rwanda, ulionyesha kwamba mwenye mwili mkubwa hutoa mlio mzito zaidi, hata asiyemwona aweza kujua ukubwa wake kwa kusikia tu. Hivyo kifua hupigwa ili vita visiwe. Sisi watu wa Kivu tungependa mabwana wengine wenye bunduki wangeridhika na kupiga vifua tu.

Mafundisho yanahamia kwa jirani

Mwaka 1967 Mmarekani Dian Fossey alikuja Kabara kuendeleza kazi hiyo. Haikupita miezi mingi, machafuko ya nchi yetu yakamfukuza. Mwezi wa Julai alitoka, na mwezi wa Septemba akafungua kituo chake ng'ambo ya mpaka, katika Rwanda. Tangu hapo mambo mengi tunayoyajua juu ya gorila wa mlimani yamefundishwa kwa jirani. Ndivyo vita vinavyofanya. Mtu huhesabu nyumba zilizochomwa, lakini nani ahesabuye maarifa yaliyovuka mpaka?

Kwa hiyo ili tuendelee na habari hii, imetupasa nasi tuvuke, twende Kenya, katika mbuga ya Amboseli, ambako wachunguzi wameweza kukaa miaka mingi bila kukimbizwa.

Huko yuko tumbili, yule yule mwizi wa mahindi tunayemfukuza katika mashamba yetu. Katika miaka ya 1960 Thomas Struhsaker alisikia kwamba tumbili hawapigi kelele ya hofu ya namna moja tu. Wakimwona chui, hutoa mlio mmoja. Wakimwona tai, hutoa mwingine. Na wakimwona nyoka, hutoa wa tatu. Lakini je, hayo ni maneno, au ni hofu tu, kubwa na ndogo? Mwaka 1977 Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walifika Amboseli na kifaa cha kunasa sauti. Wakaficha kipaza sauti majanini, wakawapigia tumbili milio yao wenyewe wakati ambapo hapakuwa na chui, wala tai, wala nyoka. Mlio wa chui ulipotoka, tumbili walikimbilia mitini. Wa tai ulipotoka, walitazama juu au kuingia vichakani. Wa nyoka ulipotoka, walisimama kwa miguu ya nyuma wakachungulia majani chini. Hawakuwa wameona kitu. Walikuwa wamesikia habari, wakaielewa. Tena watoto wao hukosea kwanza, wakamwita ndege asiye na madhara kwa mlio wa tai, kisha hujifunza kadiri wanavyokua, kama watoto wetu.

Tembo nao ni vivyo hivyo, na zaidi. Cynthia Moss alianza kuwafuata tembo wa Amboseli mwaka 1972, akawajua mmoja mmoja. Kundi la tembo ni jamaa ya majike: bibi, binti zake, na wajukuu. Kiongozi ni bibi mzee, kwa kuwa yeye ameona mengi. Yeye akumbuka maji yako wapi mwaka wa ukame, na atambua sauti za jamaa nyingine kuliko majike vijana. Mwaka 1984 Katy Payne alisimama mbele ya tembo katika bustani ya nyama ya Portland, nchini Marekani, akasikia hewa inatikisika kama mtu aliyesimama karibu na kinanda kikubwa cha kanisa. Akapeleka vyombo, na ikaonekana kwamba tembo husemezana kwa sauti nzito ambayo sikio letu halifikii, nayo huenda kilomita nyingi. Ndiyo maana jamaa mbili za tembo zilizo mbali huweza kugeuka pamoja kuelekea maji, na mtu asijue nani aliyetoa amri.

Mwaka 2014 likatangazwa jambo lingine kutoka Amboseli. Tembo walipigiwa sauti za watu kwa kipaza sauti. Waliposikia sauti ya mwanamume Mmaasai, ambaye huwa na mkuki na mifugo, walijikusanya na kurudi nyuma. Waliposikia sauti ya mwanamume Mkamba akisema maneno yale yale kwa lugha yake, hofu ilikuwa ndogo. Na sauti za wanawake na za watoto wa Kimaasai hazikuwatisha hivyo. Maana yake ni hii: tulipokuwa hatujajua kwamba wana lugha, wao walikuwa wamekwisha kujifunza kutofautisha lugha zetu.

Na mwaka 2024 wachunguzi wa tembo wa Samburu na Amboseli wakaonyesha kwamba tembo huitana kwa milio iliyo kama majina. Tembo akipigiwa mlio ambao mwenzake aliutumia kumwita yeye, hujibu na kusogea upesi kuliko akipigiwa mlio uliokuwa wa mwingine. Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma kwamba Adamu aliwapa nyama wote majina. Inaonekana wao kwa wao nao hawakukosa majina.

Sasa mfikirie mwindaji wa pembe. Anatafuta pembe kubwa, na pembe kubwa ni ya mzee. Akimwua bibi, hajaua tembo mmoja tu. Amelichoma daftari la jamaa nzima, na waliobaki ni kijiji cha vijana wasio na mtu wa kuwaonyesha kisima.

Kiboko na samaki wa soko la Butembo

Turudi nyumbani. Wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi wanaijua sauti ya kiboko wakati wa jioni. Mmoja huanza kucheka kwa sauti ya kukoroma, mwingine wa kundi la pili hupokea, na wa tatu, hata kicheko hicho kikaenda pwani yote. Dume mmoja hushika sehemu yake ya ufuo, na wengine hukaa kwa ruhusa yake. Usiku kila mmoja hutoka kula majani, na alfajiri hurudi majini, akiacha mavi yake ziwani.

Mavi hayo msiyadharau. Huotesha vijidudu na mimea midogo ya maji, nayo huwalisha tilapia. Katika miaka ya 1970 viboko wa Parki walikuwa karibu 30,000, wengi kuliko mahali pengine po pote duniani. Wakaja askari wasiolipwa, wakaja waasi, wakaja wawindaji wa nyama na meno. Mwaka 2005 waliohesabiwa hawakufika 1,000. Tangu hapo wameongezeka kidogo, lakini kicheko cha jioni hakijarudi kama zamani. Na wavuvi, ambao pia wameingiliwa na wavuvi wasio na kibali na nyavu za macho madogo, wanalalamika kwamba samaki wamepungua. Mama anayenunua samaki wa Kyavinyonge sokoni Butembo, akaona bei imepanda, analipa sehemu ya hasara hiyo bila kujua.

Swali la haki

Hapa msomaji mmoja atatuuliza: Ninyi mnaandika habari za nyama, na tangu Oktoba 2014 sisi wa Beni tunazika watu. Wakulima wanauawa katika mashamba yao, vijiji vizima vimehama. Je, huu ni wakati wa kuuliza tembo wanasema nini?

Swali hilo ni la haki, nasi hatulijibu kwa wepesi. Roho ya mtu mmoja haiwekwi katika mizani pamoja na pembe wala ngozi. Lakini tuangalie vema. Msitu anamojificha mwuaji ni msitu ule ule wa okapi. Pembe, mkaa na samaki wa wizi vimewanunulia risasi watu wenye silaha, na risasi hiyo haiulizi kama inampiga tembo au mwana wa mtu. Walinzi wa Parki zaidi ya 200 wamekufa kazini, na wengi wao ni watoto wa vijiji vyetu, walioacha wajane na yatima. Mwezi wa Julai 2007, katika eneo la volkano, watu waliwaua gorila kadhaa wa jamaa moja, pamoja na dume lao Senkwekwe. Siku zile watu waliokimbia vita nao walikuwa wakilala nje kwa maelfu. Mkono uliokosa huruma kwa mmoja haukuwa na huruma kwa mwingine.

Tena kuna hasara ya tatu isiyoandikwa. Mzee aliyejua njia za msitu haingii tena msituni, na mjukuu wake amekulia kambini au mjini. Miaka kumi ikipita hivyo, nani atamwonyesha mgeni nyayo za okapi?

Sauti iliyojibiwa

Lakini tusiwaage kwa huzuni, kwa maana kuna habari njema, nayo imetokea karibu na Butembo.

Upande wa magharibi wa ziwa Edward, katika nchi ya Lubero, uko mlima Tshiaberimu, wenye urefu wa mita 3,100 hivi. Jina lake kwa Kinande lina maana ya mlima wa roho. Ni sehemu ya Parki, lakini mashamba yameuzunguka, nao umeunganika na Parki nyingine kwa ukanda mwembamba tu. Juu yake wamebaki gorila wachache, walio wa jamii ya gorila wa nchi za chini za mashariki, ambayo ina jina la Grauer. Walipungua hata hawakufika kumi. Jamaa ndogo namna hiyo, isiyopata damu mpya, inakwenda kufa hata pasipo risasi.

Na huko Kasugho, pia katika Lubero, kiko kituo cha GRACE, kinachowalea gorila yatima walionyang'anywa wawindaji na wafanya biashara. Watoto hawa walifika wakiwa wamewaona mama zao wakiuawa. Wengine hawakuwa wamejifunza hata chakula cha msituni. Watunzaji, ambao ni wenyeji wa nchi hiyo, waliwabeba na kuwalisha, kisha wakawaunganisha katika jamaa moja, ili wakubwa wawafundishe wadogo. Kwa kuwa gorila hufundishwa na gorila: jinsi ya kula, kutandika kitanda, na kutoa ule mgumio wa kusema niko hapa, ni salama.

Majike wanne wa jamaa hiyo, Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, walichukuliwa wakapelekwa Tshiaberimu. Waliwekwa kwanza ndani ya ua uliojengwa msituni, wazoee baridi na majani ya mlima. Watu walijiuliza: je, gorila wa mwituni watawapokea, au watawakataa kama wageni? Hakuna mtu aliyeweza kuwaombea kibali. Ilibaki kazi yao wenyewe.

Majike wakaita. Na dume mmoja wa mlimani, anayejulikana kwa jina la Mwasa, akaisikia sauti yao. Akashuka, akaja karibu na ua, akakaa hapo siku kadhaa akiwatazama nao wakimtazama. Walinzi na waganga wa nyama walipoona hivyo, hawakungoja tena mpango wao wa kwanza. Wakafungua ua. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 ilitangazwa kwamba wale majike wanne wako huru mlimani.

Wasomaji wapenzi, fikirini jambo hilo. Yatima aliyelelewa mikononi mwa watu, miaka mingi mbali na msitu, alipoita, alikuwa bado anaijua lugha ya kwao. Na yule wa mlimani aliielewa.

Nasi tuna kazi ndogo ambayo haihitaji fedha. Katika kila parokia yetu, toka Beni hata Lubero, wamo bado wazee waliotega, waliovua, waliochunga karibu na mwitu. Wao wanajua ni ndege gani apigaye kelele nyoka anapopita, tumbili hulia namna gani chui akiwa karibu, na tembo hupita wapi mvua inapoanza. Wana wa shule, kaeni nao jioni, waulizeni, andikeni katika madaftari yenu, kwa Kinande au kwa Kiswahili. Andikeni hata lile mnalodhani si la kweli. Johnston naye alidhani nyayo zile si za kweli.

Na mzee akikwambia, "Tazama, hizi ndizo nyayo zake," inama kwanza uzitazame.